Laptopu mpya, nipige nini? Maswali ya Linux tunayoulizwa kila siku hapa Tanga

Haya maswali yanakuja kila wiki, mengine kwenye simu, mengine mtu anakusimamisha njiani Chumbageni boksi la laptopu likiwa bado mkononi, ndio maana nimeyaweka pamoja. Maelezo mengi ya kuchagua Linux yameandikwa na watu wenye intaneti ya waya nyumbani isiyoisha, wao wanabishana rangi na menyu. Sisi huku tunanunua GB. Kwa hiyo majibu yangu yanaegemea mambo mawili tu, hiyo distro (yaani aina ya Linux utakayochagua) itakula bando kiasi gani, na siku ikigoma nani wa karibu atakusaidia. Nitayarudia mpaka mnichoke.

Kwanza hiyo Linux ni nini, ni kama Windows?

Ni kitu kinachoendesha kompyuta yako badala ya Windows. Moyo wake, wenyewe wanauita kerneli, aliuanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki kule Finland, na programu nyingi za kuuzunguka zilitoka kwenye mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza 1983. Kama una simu ya Android basi kerneli ya Linux unatembea nayo mfukoni siku nyingi.

Kwa vile maandishi ya programu yake yako wazi, watu na makampuni mbalimbali wanachukua hiyo kerneli, wanaiwekea menyu, brauza, programu za ofisini, wanaifunga pamoja na kuitoa kwa jina lao. Kila fungashio hilo ndio linaitwa distro. Ubuntu ni distro, Mint ni distro, Debian, Fedora, Zorin, zote ndugu wa ukoo mmoja.

Ni bure kweli au kuna siku itaniambia lipia?

Bure, na haina namba ya kuingiza wala kile kiandishi cha "Activate" pembeni ya skrini. Leseni zenyewe, kama GPL, zinakuruhusu kutumia, kunakili na kumpa mwenzako. Yaani ukishusha Mint mara moja ukaiweka kwenye flashi, unaweza kuwapigia, yaani kuwainstolia, mtaa mzima wa Makorora na hujamwibia mtu. Kuna wachache wanauza toleo la ziada, mfano Zorin wana Pro ya kulipia, lakini ile ya kawaida inatosha.

Fundi akikutoza hela ya kupiga hiyo ni haki yake, unalipia kazi yake na bando lake.

Nitajie jina moja, sitaki hadithi

Linux Mint, ile ya Cinnamon, hilo ni jina la sura yake ya menyu na madirisha. RAM ikiwa 4GB au pungufu chukua Mint ya Xfce, sura nyepesi zaidi.

Haya sasa nataka hadithi, kwa nini Mint na sio Ubuntu ambayo ndio maarufu?

Ubuntu sio mbaya hata kidogo, na inatakiwa ipewe heshima yake, mwenyewe ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza lilitoka 2004 na ndio iliyowafanya watu wengi waache kuiogopa Linux. Mint yenyewe imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo draiva (programu za kuendesha vifaa) na programu nyingine ni karibu zile zile.

Tofauti inaanza kwenye bando. Faili la kupigia la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, la Mint Cinnamon ni kama GB 3, hapo tu umeshaokoa nusu. Halafu Ubuntu inatumia kitu kinaitwa snap, njia yake ya kuletea programu, hata Firefox yake inakuja kwa njia hiyo, na snap zinajiapdeti zenyewe kimya kimya bila kukuuliza. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ni raha, kwa mtu aliyewasha hotspoti ya simu aangalie barua pepe moja halafu anaona ujumbe wa bando limekwisha, sio raha. Kuna amri ya kuzizuia, unaandika kwenye terminal (dirisha la amri) `sudo snap refresh --hold` na zinatulia mpaka uziruhusu, ila wangapi wanaijua? Mint inakuja snap ikiwa imezimwa, na apdeti zinakaa kwenye ka-alama pale chini kulia zikikusubiri wewe. Ukifungua unaona orodha na ukubwa wa kila moja, unaweza kuchagua za usalama leo na zile nyingine uzishushe siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi.

La pili ni sura. Mtu aliyezoea Windows akikaa mbele ya Cinnamon anaona menyu kona ya chini kushoto, saa kulia, madirisha yanafunga pale pale, anaendelea na kazi. Ubuntu inatumia GNOME ambayo upau uko pembeni na mambo yako kivingine, nzuri lakini inataka siku kadhaa za kuzoea, na mama mwenye stationari hana hizo siku.

Debian je? Jamaa yangu IT anasema ndio Linux ya wanaume

Mwambie jamaa yako apunguze. Debian ipo tangu 1993, Ubuntu yenyewe imetoka humo, na ni imara mno, ukishaipiga inakaa miaka bila kusumbua na apdeti zake ni ndogo kwa sababu hawabadilishi matoleo ya programu hovyo. Kwa bando hakuna inayoishinda. Kuanzia Debian 12 ya 2023 wameanza kuweka na firmwea za Wi-Fi (programu ndogo za kuamsha kifaa) ndani ya faili la kawaida la kupigia, zamani hilo lilikuwa balaa, unamaliza kupiga halafu laptopu haioni mtandao. Debian 13 ilitoka Agosti 2025.

Mtego wake uko hapa: ukienda kwenye ukurasa wao unakuta faili dogo la netinst, halifiki hata GB 1, unafurahi. Hilo dogo linashusha vitu vingine vyote wakati wa kupiga, na mtandao ukikatika katikati umekwama. Chukua ile ya live, ni kubwa zaidi lakini kila kitu kimo ndani. Mimi Debian naipendekeza kwa mtu ambaye hapendi mabadiliko na tayari ameshawahi kutumia Linux, au ana huyo jamaa wa IT anayepokea simu.

Na Fedora, Arch, Manjaro, Kali…

Fedora nzuri, inabeba kerneli mpya mapema kuliko wengi, lakini toleo jipya kila miezi 6, kila toleo linahudumiwa kama miezi 13 tu, na apdeti zake zinakuja kwa wingi kila wiki. Kodeki nyingine (programu za kusomea video) hazimo mpaka uongeze ghala la programu la pembeni. Bando linaumia.

Arch ni ya mtu anayetaka kujifunza kila nati ya gari lake. Inaapdetiwa mfululizo, haina matoleo, ukikaa miezi bila kuapdeti halafu ukaishushia zote kwa pamoja unaweza kuamka na skrini nyeusi. Manjaro ni mtoto wake, ana afadhali kidogo.

Kali sio ya kutumia nyumbani. Vijana mnaipenda kwa sababu ya filamu za wadukuzi, ila hiyo imetengenezwa kwa watu wa kupima usalama wa mitandao, hata wenyewe wanasema isitumike kama kompyuta ya kila siku.

Laptopu yangu ni mpya kabisa. Hiyo inabadilisha kitu?

Inabadilisha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu huku "mpya" ina maana mbili.

Kuna mpya iliyotoka kiwandani mwaka huu, bado ina nailoni. Na kuna mpya kwako, yaani imekuja kwenye kontena kutoka Dubai au Uingereza, ilikuwa ya ofisi fulani, imefutwa vumbi ikawekwa kioo safi. Kwa Linux hii ya pili ndio bibi harusi, kwa sababu vifaa vyake vina miaka kadhaa na madraiva yameshaandikwa yakakomaa. Halafu nyingi za hizo prosesa ni za kizazi cha 6 au cha 7 cha Intel, Windows 11 rasmi haizitaki, inataka kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine nzima, nzuri, inaonekana imezeeka kwa sababu ya karatasi tu. Piga Mint, weka SSD kama bado ina hadidiski ya kuzunguka, ongeza RAM ifike 8GB, utaitumia miaka.

Ile mpya ya kiwandani ndio ina maswali. Chipu ya Wi-Fi au ya sauti iliyotoka mwaka huu inaweza isijulikane na kerneli ya mwaka juzi. Mint 22 ilipotoka 2024 ilikuja na kerneli 6.8, Debian 12 ilibaki na 6.1, na Debian 13 ina 6.12. Kwa hiyo kwa laptopu ya mwaka huu usichukue faili la zamani ulilonalo kwenye flashi tangu enzi hizo, shusha toleo dogo (lile lenye nukta, kama 22.2) la karibuni kabisa la Mint au Ubuntu LTS, ile inayohudumiwa miaka mingi, hayo madogo yanakuja na kerneli mpya zaidi. Ikigoma hapo ndio ujaribu Fedora, hapo bando unakubali liende.

Nitajuaje kama laptopu inakubali kabla sijalipa hela?

Nenda dukani na flashi. Hii ndio faida kubwa ya Linux ambayo watu hawaitumii, inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Mwombe muuzaji kwa adabu, "kaka naomba niijaribu dakika kumi, sifuti kitu", wengi wanakubali hasa ukionekana mnunuzi kweli.

Ikishawaka usianze kushangaa picha ya ukutani. Washa Wi-Fi uone kama inaorodhesha mitandao, unganisha na hotspoti yako. Cheza sauti kwenye spika za laptopu na kwenye earphone, zote mbili. Pandisha na kushusha mwanga kwa vitufe. Fungua kamera. Tachipadi, vidole viwili, inashuka? Bonyeza kila herufi ya keibodi kwenye ukurasa mtupu, hii sio ya Linux, hii ni ya mitumba. Halafu funika laptopu, hesabu mpaka thelathini, fungua. Isipoamka au ikiamka skrini nyeusi, jua hiyo itakusumbua kila siku. Kisoma alama ya kidole usitegemee, vingi havifanyi kazi, na kwangu sio sababu ya kuacha mashine nzuri.

Wi-Fi za Intel mara nyingi zinapita bila swali. Za Realtek na Broadcom baadhi zinahitaji draiva ya ziada.

Wi-Fi ndio haionekani na draiva inatakiwa ishushwe mtandaoni. Sasa nashushaje bila mtandao?

Simu yako. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nenda mipangilio ya hotspoti, washa USB tethering. Linux inaiona kama waya wa intaneti papo hapo, haitaki draiva. Kisha fungua Driver Manager, iache itafute, kubali, washa upya.

Duka lina mbili, moja ina Windows na nyingine imeandikwa FreeDOS ni ya bei chini. Hiyo FreeDOS ni mbovu?

Sio mbovu. Maana yake imekuja bila Windows, wameweka mfumo mdogo wa maandishi tu ili isiwe tupu, na kwa kawaida inakuwa nafuu kwa vile hakuna leseni ndani ya bei. Kwa mtu anayekwenda kupiga Linux hiyo ndio ya kununua. Angalia tu kwamba muuzaji hajaipiga Windows ya kuchakachua halafu akapandisha bei kana kwamba ni halali, hilo lipo.

Sina kompyuta nyingine ya kutengenezea flashi. Nifanyeje?

Ukiwa na Windows tumia Rufus au balenaEtcher, na kama unapenda kubeba distro kadhaa kwenye flashi moja tumia Ventoy, hiyo unaiweka mara moja halafu unakopi mafaili ya ISO (yale ya kupigia) humo kama unakopi nyimbo. Huna kompyuta kabisa, kuna programu ya Android inaitwa EtchDroid, unachomeka flashi kwenye simu kwa waya wa OTG na inaandika. Flashi ya 8GB inatosha kwa distro moja, kumbuka itafutwa yote.

Kuhusu kushusha lenyewe, sikiliza, faili la GB 3 kwa brauza ya simu na mtandao unaokatika kila lori likipita ni kujitafutia presha. Tumia torenti, inashusha faili vipande vipande. Distro zote kubwa zinatoa torenti halali kwenye kurasa zao, ikikatika inaendelea pale ilipoishia, na inajikagua yenyewe kwamba vipande vyote vimefika sawa. Ukishusha kawaida basi kagua SHA256 (namba ya kuthibitisha faili) ulinganishe na ile iliyoandikwa kwao, maana faili lililopungua kidogo linaweza kuwaka vizuri tu halafu likafia katikati ya kupiga.

Au kwa kifupi, mtafute mwenye nayo. Ngamiani yote hiyo huwezi kukosa kijana mmoja mwenye ISO kwenye hadidiski.

Nikibonyeza naingia Windows tu, flashi haiwaki

Menyu ya kuwashia. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP bonyeza Esc halafu F9. Anza kubonyeza mara tu ukiwasha, sio mpaka uone nembo.

Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, kwa Mint, Ubuntu, Debian na Fedora si lazima uizime. Ila ukiweka draiva ya Nvidia au ya Wi-Fi fulani, inakuomba utunge nenosiri, na ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu ya maandishi imeandikwa "MOK management". Watu wanaogopa hapo wanazima laptopu. Usizime, chagua "Enroll MOK", endelea, ingiza lile nenosiri ulilotunga, basi. Ukiiruka draiva haitafanya kazi na utailaumu Linux bure.

Kipiga kinasema hakuna diski na diski ipo!

Laptopu nyingi mpya za Intel zinakuja diski ikiwa chini ya RST au VMD, mpangilio wa diski wa Intel. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi) ubadilishe iwe AHCI, mpangilio wa kawaida. Kama unataka kubaki na Windows pembeni usikurupuke, ukibadilisha tu hivi hivi Windows inaweza kukataa kuwaka, inabidi iandaliwe kwanza kwa kuwashwa kwenye Safe Mode. Kama unaifuta Windows badilisha tu.

Naweza kuweka zote mbili, Windows na Linux?

Unaweza, na kwa mtu anayeanza ndio njia ya amani. Kabla hujagusa kitu:

Kopi mafaili yako nje. Hili halina mjadala.

Angalia kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows, Windows 11 nyingi zinakuja zimefungwa na mwenyewe hujui. Nenda kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike ule ufunguo mrefu wa kurudishia kwenye karatasi, au ifungue kabisa diski kupitia mipangilio. Kuna watu wamefungiwa nje ya picha za harusi zao kwa hili.

Zima Fast Startup ya Windows, punguza sehemu ya Windows kwa kutumia Disk Management ya Windows yenyewe, iache Mint GB 60 hivi au zaidi, halafu upige ukichagua "alongside", yaani kando ya Windows.

Baadaye utaona kituko, ukitoka Linux ukaingia Windows saa imerudi nyuma masaa 3. Sio betri ya bodi imekufa, usikubali fundi akubadilishie. Linux inaandika saa ya UTC (saa ya kimataifa) kwenye bodi, Windows inaisoma kana kwamba ni saa ya hapa, na sisi tuko mbele ya UTC kwa masaa 3. Ingia Linux uandike `timedatectl set-local-rtc 1` na ugomvi umekwisha.

Word na Excel zitafunguka?

Microsoft Office ya kuinstoli hakuna. Kuna LibreOffice imo tayari, inafungua docx na xlsx, na kuna OnlyOffice ambayo sura yake inafanana zaidi na Word. Barua, mitihani ya shule, orodha ya vikoba, bajeti, hakuna tatizo.

Tatizo liko kwenye ripoti ndefu za chuo. Fonti ndio mchawi. Times New Roman na Calibri hazimo, LibreOffice inaweka Liberation Serif na Carlito ambazo upana wa herufi ni uleule ili mistari isiruke, lakini jedwali lililobanwa banwa na yaliyomo ya kujitengeneza yanaweza kuhama. Weka kifurushi cha `ttf-mscorefonts-installer` upate Times na Arial zenyewe. Na kitu cha kuchapishwa peleka stationari kikiwa PDF, usipeleke docx halafu ukashangaa ukurasa wa 12 umeenda 13.

Kama msimamizi wako anarudisha kazi imejaa maoni pembeni na mnarushiana kila wiki mwaka mzima, kuwa mkweli, tumia Word ya kwenye brauza au bakisha Windows pembeni.

Programu gani nitazikosa kabisa?

Photoshop, CorelDRAW, AutoCAD, QuickBooks ya kuinstoli. Wine inaendesha baadhi ya programu za Windows lakini usiweke riziki yako juu ya "baadhi". Mwenye duka la kuchapa fulana na mabango anayetegemea CorelDRAW, mimi simshauri ahame, labda kompyuta ya pili ya kaunta. Ukianza upya bila mazoea, Inkscape, GIMP na Krita zinatosha kujenga kazi, na Kdenlive kwa video.

Zilizopo: Chrome, Firefox, VLC, Zoom, Telegram, AnyDesk. WhatsApp kwa brauza. Mifumo ya maombi ya mikopo, vyuo, kodi, mingi ni ya brauza, Linux au Windows haijali.

Magemu, Steam ina Proton inayoendesha magemu mengi ya Windows, isipokuwa yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu kama Valorant. Mpira wa EA sahau.

Virusi?

Hapa nina furaha. Mnakijua kile kirusi cha stationari, unachomeka flashi kutoa kopi, ukirudi nyumbani mafolda yote yamekuwa shotikati? Kile kinaficha mafolda yako halisi na kuweka shotikati za kuendesha uchafu. Ukichomeka flashi hiyo hiyo kwenye Linux, zile shotikati ni mafaili yasiyo na maana, hayaendeshi kitu, na mafolda yako halisi yanaonekana pale pale pembeni yake kwa sababu Linux haijali ile alama ya kuficha ya Windows. Unakopi kazi yako, unafuta takataka, umemaliza. Mwenye Mint mtaani anakuwa daktari wa flashi bila kusomea.

Haimaanishi hakuna hatari kabisa. Usibandike amri usiyoielewa, na ukurasa feki wa benki unaweza kukuliza kwenye mfumo wowote.

Bando, bando, bando. Nilibaneje?

Kwenye mipangilio ya mtandao wa hotspoti yako iwekee alama ya metered, yaani bando linahesabiwa, baadhi ya programu zinaheshimu. Kwenye Mint ondoa apdeti za kujiendesha zenyewe kama ziliwashwa. Badilisha seva ya kushushia, Software Sources inakupimia kasi, chagua inayoshinda. Programu ukipata chaguo la kawaida na la flatpak (njia nyingine ya kuletea programu), chukua la kawaida, flatpak ya kwanza inavuta mizigo ya chini mamia ya MB hata kama programu yenyewe ni ndogo.

Usikae bila kuapdeti lakini. Za usalama na za brauza shusha, hizo sio kubwa. Mint 22 inahudumiwa mpaka 2029, kwa hiyo hulazimiki kupiga toleo jipya kila likitoka, hata kama marafiki wanajitapa.

Na kabla ya apdeti nyingi tengeneza picha ya mfumo kwa Timeshift, ikiharibika unarudi jana yake bila kushusha kitu. Weka ihifadhi chache tu, diski ndogo inajaa.

Kuna Kiswahili?

Kipo nusu nusu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, na mpaka leo LibreOffice ina lugha yetu na kamusi ya kukagua tahajia, tafuta `hunspell-sw`. Menyu za mfumo wenyewe utakuta zimechanganyika na Kiingereza. Kwa anayeandika mitihani ya Kiswahili hiyo kamusi ni msaada, ingawa maneno ya huku pwani mengi itayapigia mstari mwekundu.

Printa?

HP nyingi zinajulikana zenyewe, za Epson na Canon za miaka ya karibuni nazo mara nyingi zinaingia bila draiva. Nunua baada ya kuitafuta mtandaoni jina lake pamoja na neno Linux, zile za bei ya kutupwa ndio zinagoma.

Nikichoka naweza kurudi Windows?

Laptopu iliyokuja na Windows halali, ufunguo wake kwa kawaida umo ndani ya bodi yenyewe, sio kwenye diski. Hata ukifuta kila kitu, siku ukitaka kurudi unapiga Windows ya toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inajitambua ikipata mtandao. Faili lake linashushwa kwa Microsoft bure na ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo lishushe mapema uliweke pembeni wakati bado una Wi-Fi ya mtu. Ile ya FreeDOS haina ufunguo, hapo utanunua.